Mama Ntilie Naye Atiliwe



Mwaka unapokaribia ukingoni, jiji la Dar es Salaam huvaa majoho. Vyuo ni vingi, na kila kimoja kina siku yake ya mahafali. Wazazi hufika kutoka Songea, Bukoba, Singida na Tanga wakiwa na vikapu mkononi, na wauza mashada ya maua hupandisha bei tangu asubuhi. Vigelegele vikishapigwa na picha zikishachukuliwa, hubaki swali moja ambalo halikuandikwa kwenye kadi ya mwaliko: sasa tukale wapi?

Hapo zamani jibu lilijulikana. Pilau lilipikwa nyumbani, majirani wakaitwa, na mama wa mhitimu akawa jikoni tangu alfajiri, akitoka mara moja tu kupigwa picha huku kanga yake ikinuka moshi. Siku hizi vijana wengi wana jibu jingine. Humshika mama mkono na kumwambia, "Mama, leo hupiki. Leo tunakwenda kula mjini." Na hapo mama, ambaye hakuogopa kulipa ada miaka mitatu mfululizo, huingiwa na hofu. Nitavaa nini? Nitaagiza nini? Nikikosea kushika uma, je, sitamwaibisha mwanangu?

Maswali ya namna hiyo yametufikia mara nyingi, na mengine yameulizwa kwa kunong'ona. Mwezi huu tumeona tuyatoe hadharani, kwani jambo lenyewe ni zaidi ya uma na kisu.

MWENDO WA NUSU SAA

Tuanze na mahali penyewe. Dar es Salaam ni jiji la wasomi tangu kabla ya Uhuru kutimia. Oktoba 1961 Chuo Kikuu chetu kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kutoka hapo hadi sokoni Kariakoo ni hatua chache tu. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Lakini katikati ya mji hakukubaki bila vyuo. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965 na kipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa mwaka 1972 na kipo Mtaa wa Shaaban Robert. Taasisi ya Teknolojia ipo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na ya Bibi Titi. Wengi wa watoto hao wa vyuo wamekula kwa miaka yote chakula cha mama lishe: wali maharage, ugali dagaa, chapati na chai ya rangi. Tukisema kwamba wasomi wa jiji hili wamelelewa na masufuria ya akina mama wa Kariakoo, hatutii chumvi.

Sasa tazama upande wa pili. Kutoka Kariakoo hadi Posta, ukikatisha Mnazi Mmoja, ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana vituo vikubwa Gerezani na Kivukoni, na safari imekuwa fupi zaidi. Hata hivyo wapo akina mama waliofanya biashara Kariakoo miaka 20 ambao hawajawahi kuketi katika mgahawa mmoja wa Posta na kuagiza chakula.

Umbali huo haukuja wenyewe. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha. Hoteli kubwa ya Wajerumani iliyoitwa Kaiserhof ilijengwa mwaka 1906, jirani na kanisa la Kilutheri la Azania Front, na baada ya Vita ya Kwanza ikawa New Africa. Katika nyumba za namna hiyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, mhudumu au dobi. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyo. Kwa hiyo upande mmoja wa uwanja ulikuwa wa kuketi na kuhudumiwa, na upande mwingine ulikuwa wa kubeba.

Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965. Jengo la Kivukoni lililokuwa klabu ya Wazungu likawa Hoteli ya Forodhani, na hapo vijana wetu wakajifunza kazi ya hoteli, kabla jengo hilo halijawa la Mahakama ya Rufani. Upande wa Kariakoo nako likajengwa soko jipya lililochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Ndilo soko lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya. Basi, sheria ya kutenganisha imekwisha siku nyingi, ila mazoea hayajaisha. Mlango uko wazi, lakini mguu unasita.

MGAHAWA WA NAMNA GANI?

Siku hizi kuna migahawa ya hadhi isiyokuwa na makuu. Humo chakula hupikwa kwa uangalifu mkubwa na meza hupangwa vizuri, lakini hudaiwi kuvaa suti, muziki ni wa chini, na unaweza kucheka bila mtu kugeuka kukutazama. Migahawa hiyo ipo ndani ya hoteli kubwa za Posta na nje yake pia.

Ukitaka kujua kwa nini chakula humo huletwa kidogo kidogo, kwanza supu au saladi, kisha chakula chenyewe, kisha kitamu cha mwisho, fahamu kwamba hata Ulaya hawakula hivyo tangu mwanzo. Hapo kale karamu zao ziliwekwa mezani zote kwa pamoja, kama sinia letu la pilau. Mtindo wa kuleta sahani moja baada ya nyingine ulienea katika karne ya 19 na waliuita wa Kirusi. Na neno lenyewe la Kifaransa, "restaurant", lilianza Paris katika karne ya 18 likiwa jina la supu ya kumrudishia mtu nguvu. Hivyo mama anayekoroga supu ya kongoro alfajiri kule Mtaa wa Swahili, ili wapagazi wa sokoni wapate nguvu, anafanya kazi ileile iliyoipa migahawa ya dunia jina lake.

Na vyakula je? Changu na nguru hutoka Feri, pale pale Magogoni. Kamba hutoka Rufiji. Kabichi, karoti na koliflawa huteremka kutoka Lushoto. Mchele ni wa Kyela au Morogoro, kahawa ni ya Kilimanjaro au Mbinga, viungo ni vya Unguja na Pemba. Mengi kati ya hayo hupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kariakoo na Kisutu kabla ya kufika kwenye sahani nyeupe. Kwa hiyo, mama, usiingie humo kama mtu aliyeingia nchi ya kigeni. Bidhaa unazijua kuliko anayekuhudumia.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Yupo mama mmoja tunayemfahamu. Anauza wali, maharage na samaki karibu na Mtaa wa Msimbazi. Sufuria zake zimemsomesha binti hadi akahitimu uhasibu. Binti huyo, wakati wa likizo zake, alikuwa akishika vitabu vya duka moja la vitambaa, na polepole akaweka akiba ya shilingi 150,000. Siku ya mahafali yake alitaka wazazi wake wakale katika mgahawa mmoja upande wa Posta. Akatualika na sisi, tukakubali kwa sharti kwamba chetu tungelipa wenyewe.

Nyumbani kulizuka mjadala kwanza. Baba alisema mke wa mtu hana la kutafuta hotelini. Mama alisema fedha hiyo ni mtaji wa mchele. Binti akawajibu kwa sauti ya chini: "Baba utakuwepo, basi mke wa mtu atakuwa na mumewe. Na mama, miaka yote umekuwa ukiniuliza nimekula nini. Leo nataka nikuulize mimi." Baba akanyamaza, akaenda kupiga pasi kanzu yake.

Tulipofika, mhudumu kijana alitukaribisha vizuri, ila alifanya jambo ambalo wengi wenu mtalitambua. Alimpa menyu binti, akatupa na sisi, akampa na baba. Mama, aliyekuwa amejifunga kanga juu ya gauni lake la kitenge, hakupewa. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alimtazama tu akadhani hasomi. Binti uso ukambadilika, akataka kusimama. Mama akamgusa goti chini ya meza, kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, na mimi naomba kile kitabu." Akaletewa, akavaa miwani, akakisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho kama mtu anayekagua ankara ya mchele.

Halafu akauliza, "Huyu changu ni wa leo?"

Kijana akasema ni wa leo. Mama akauliza, "Wa leo asubuhi, au wa jana aliyelala kwenye barafu? Macho yake yakoje?" Kijana akababaika, akaenda jikoni. Akarudi na mpishi mwenyewe, mtu mzima wa makamo aliyevaa aproni nyeupe. Mpishi akamwamkia mama shikamoo, akamweleza kwamba changu aliletwa alfajiri kutoka Feri, na kwamba anachomwa kwa mkaa, akipakwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mama akamuuliza kama anaweka chumvi kabla au baada. Mazungumzo yakanoga. Sisi wengine tukabaki wasikilizaji. Tangu hapo mhudumu yule hakupita mezani petu bila kumwambia mama, "Kila kitu ni sawa, mama?"

Samaki alipokuja, mzima, kichwa na mkia, mama aliuliza pa kunawia. Akaonyeshwa, akanawa, akarudi, akamla kwa mkono. Tulimwona binti akizungusha macho kutazama meza za jirani. Mama naye alimwona. Akamwambia bila hasira, "Mwanangu, mwiba hauonekani kwa uma. Wewe kula kwa kisu chako, nilikulipia ada ujue na hicho." Binti akacheka. Akaendelea na kisu na uma wake, mama akaendelea na mkono wake, baba akakata steki yake vipande vyote kwanza kisha akala kwa kijiko. Kila mmoja alishiba.

Bili ilipokuja, mama aliiomba aione. Changu shilingi 38,000, kuku 28,000, steki 30,000, supu ya pweza waliyogawana 15,000, kitamu kimoja kwa vijiko vitatu 12,000, juisi na maji 19,000. Jumla 142,000. Akahesabu kichwani akasema, "Sahani 47 za wali maharage, na elfu moja inabaki." Pale kwake sahani ni shilingi 3,000. Binti akainama. Tukadhani karamu imeharibika. Lakini mama akaendelea: "Nimepakua sahani nyingi kuliko hizo kwa siku moja, na hakuna hata moja niliyoletewa nikiwa nimekaa. Lipa, mwanangu. Nimeshukuru."

Hatuna la kuongeza kwa maneno hayo. Ila tunapenda kuwakumbusha jina lenyewe. Mama ntilie ni mama anayeambiwa siku nzima, "Nitilie." Nitilie wali, nitilie mchuzi, nitilie maji. Na nyumbani anakoenda jioni anaambiwa tena neno hilohilo. Je, ni nani anayemtilia yeye?

MAMBO YA KUFAHAMU KABLA YA KWENDA

Kuuliza si ujinga, na kujitayarisha si woga. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya msaada.

Piga simu mapema. Siku za mahafali meza hujaa. Uliza kama kuna nafasi, uliza bei za vyakula, na uliza kama bei hizo zimekwisha kuwekwa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na mahali pengine huongezwa mwisho pamoja na gharama ya huduma. Sahani iliyoandikwa 30,000 bila kodi itakuwa 35,400 wakati wa kulipa. Ukilijua hilo mapema hutashtuka.

Nendeni mchana kuliko usiku. Mara nyingi migahawa ya mjini huwa na chakula maalumu cha mchana kwa bei nafuu zaidi, na usafiri wa kurudi Mbagala au Gongo la Mboto ni rahisi. Jumapili ulizeni kwanza, kwani katikati ya mji hutulia siku hiyo na baadhi ya milango hufungwa.

Kuhusu mavazi, nguo safi inatosha. Kitenge kilichoshonwa vizuri kina heshima yake mahali popote. Viatu viwe vile mguu ulivyovizoea. Siku ya furaha si siku ya kujaribu kiatu kipya.

Uma na visu vingi mezani visikutishe. Anza na vilivyo mbali na sahani, uje ndani kadiri sahani zinavyobadilishwa. Kitambaa kilichokunjwa ni cha kuweka mapajani. Ukimaliza, weka kisu na uma sambamba ndani ya sahani, na mhudumu ataelewa kwamba umeshiba. Ukiviacha vimeachana, ataelewa kwamba bado unaendelea. Nyama ya steki utaulizwa iive kiasi gani. Wengi wetu tumezoea iliyoiva kabisa, na si vibaya kusema hivyo. Chakula ambacho desturi yetu ni kula kwa mkono, kile kwa mkono uliooshwa. Mwiba mtoe kwa vidole uuweke ukingoni mwa sahani.

Jina usilolijua kwenye menyu, liulize. Mhudumu mzuri hufurahi kueleza, na asiyefurahi, kasoro ni yake. Mkishindwa kuchagua, agizeni sahani tofauti muonjane. Si aibu kugawana supu moja, wala kuomba vijiko vitatu kwa kitamu kimoja. Kilichobaki ombeni kifungwe. Chakula mmekilipia, na yuko ndugu nyumbani aliyebaki kulinda mlango.

Kama mmezoea kusali kabla ya kula, salini. Sala fupi kwa sauti ya chini haimkwazi mtu. Simu ziwekwe mkobani baada ya picha moja au mbili, kwani chakula kikipoa hakipashwi tena na ladha haitarudi.

Watoto wadogo wanaweza kwenda nanyi mahali pasipo na makuu, ila waelezeni kabla ya kutoka nyumbani kwamba chakula kitachelewa kuliko cha nyumbani. Mfuko wa karanga au ndizi moja kabla ya kuondoka huzuia machozi mengi.

Bahashishi si lazima, bali ni shukrani. Binti yule alimwachia mhudumu shilingi 5,000, na mama akamuuliza kijana amesimama tangu saa ngapi. Akajibu, tangu saa mbili asubuhi. Mama akamwambia, "Pole na kazi, mwanangu," na tuliona kwamba kijana aliipokea pole hiyo kwa furaha kama alivyopokea fedha. Mwisho, daini risiti ya mashine. Ni haki yenu, na ni kodi ya nchi yetu.

JE, SI ANASA?

Wapo watakaosema fedha hii ingenunua gunia la mkaa, au sare za shule, au ingeongeza mtaji. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatutaki kuipuuza. Mama anayejua thamani ya shilingi ndiye aliyemfikisha mtoto chuoni.

Hivyo tuseme wazi. Asikope mtu fedha kwa ajili ya kula mjini. Asitoe mtu ada ya mdogo ili amshangilie mkubwa. Ikiwa akiba haipo, pilau la nyumbani ni karamu kamili, na mama yeyote aliyelipika anajua hivyo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hali kadhalika, mtoto asilazimishe jambo hili ili apate picha za kuwaonyesha wenzake. Mezani mgeni wa heshima ni mzazi. Kama mzazi anatamani zaidi kula nyumbani akiwa amekunja miguu mkekani, basi mtoto mwenye adabu atakunja miguu naye.

Lakini mtoto anapokuwa ameweka akiba yake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa ajili ya kumketisha mama yake, tuwe waangalifu na neno anasa. Baadhi yetu tumezoea sana kutoa hata hatujui tena kupokea. Tunasukuma sahani pembeni tukisema, "Mimi nimeshashiba, kuleni ninyi," na tunadhani huo ni upendo. Mara nyingine ni upendo kweli. Mara nyingine tunamnyima mtoto nafasi ya kutupenda. Kijana asiyepewa nafasi ya kumhudumia mama yake ataoa bila kujua kumhudumia mke. Binti aliyemwona mama akila makombo siku zote atadhani makombo ndiyo fungu la mke. Hayo ni masomo pia, na hayana mahafali.

Na kwenu akina baba mnaosoma gazeti hili mkidhani hatuwaoni: lile neno la kwamba mke wa mtu hana kazi hotelini limezeeka. Lilikuwa na maana kwa wale walioogopa wake zao kusemwa. Dawa yake ni rahisi, nenda naye. Mke aliyeketi na mumewe na watoto wake mchana kweupe hana la kuficha. Baba wa binti yule, ambaye ndiye aliyepinga kwanza, tulimsikia njiani akimwuliza mkewe kama pweza yule wa supu alichemshwa na papai au na nini, kwa kuwa alikuwa laini ajabu. Mama akasema atamjaribia nyumbani. Baba akajibu, "Tutajaribu wote."

KAZI YA MWEZI HUU

Si kila mmoja wetu ana mhitimu mwaka huu, na si kila mmoja yuko karibu na Posta. Wengine mnatusoma mkiwa Mpwapwa au Tunduru, na mgahawa wa hadhi hamna haja nao. Kazi tunayowapa inafanyika popote.

Chagueni siku moja katika mwezi, labda Jumapili, ambayo mama hatapakua. Chakula kiwe kilekile, hata kama ni ugali na mchicha. Tandikeni kitambaa safi mezani au mkekani. Baba au watoto walete maji ya kunawa, wampakulie mama kwanza, wamwulize anataka nini zaidi, na yeye asinyanyuke hadi wote wamalize. Mtoto wa kiume ashike birika. Mtoto wa kike aketi karibu na mama yake, naye ahudumiwe.

Mara ya kwanza mtaona aibu. Mama ataruka mara tatu akitaka kwenda kuchukua chumvi. Mrudisheni kwenye kiti. Mara ya pili atabaki ameketi, na huenda akawasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia, kwa sababu hakuwahi kukaa mezani muda wa kutosha kulimaliza.

Kisha tuandikieni mtueleze ilikuwaje. Barua zenu tutazisoma zote. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema, sufuria zisizokauka, na kiti cha kukalia mnapokula.